Mkulima Amehakikiwa. Serikali Ihakikiwe na Nani?

Januari 2019 nilikwenda kumsabahi mjomba wangu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba. Nilimkuta barazani, amenyoosha miguu juu ya mkeka, pembeni yake mfuko wa nailoni aliokuwa ameufunga kwa mpira. Ndani mlikuwa na karatasi za kupimia alizopewa na karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima: tarehe, idadi ya magunia, kilo, daraja, sahihi. Zilikuwa nakala za kaboni, na baadhi ya tarakimu zilikuwa zimeanza kufifia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamuuliza kama amelipwa fedha ya korosho alizoiuzia Serikali.

"Nimeshahakikiwa, mpwa wangu," akasema. "Kulipwa bado."

"Hao waliokuja kukuhakiki walikuambia nini?"

"Walikuja kuniuliza mimi. Mimi ningewauliza wao, nikianzia wapi?"

Nimekaa na jibu lile miaka yote hii. Msimu ule neno uhakiki lilikuwa midomoni mwa kila mtu Mtwara na Lindi. Mkulima alihakikiwa jina, akahakikiwa shamba, akahesabiwa mikorosho, akalinganishwa kilo, akakaguliwa akaunti ya benki. Upande wa pili, ambako ndiko zilikokuwa fedha za umma, hakuna mkulima aliyepewa karatasi aihakiki. Ninachotaka kukisema leo kinatokana na hapo. Serikali inapoamua kubeba sehemu ya bei ya zao, orodha ya waliolipwa na hesabu ya fedha iliyotumika ibandikwe na isomwe hadharani, palepale kijijini, kwa sababu wanaoweza kuikagua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote wanaishi pale.

Tukumbushane kilichotokea. Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema. Zilivunwa zaidi ya tani 313,000, na katika baadhi ya minada kilo moja ya korosho ghafi ilipita Sh4,000. Watu walijenga, wakaezeka bati, wakanunua pikipiki, wakalipa ada za watoto kwa mkupuo. Msimu uliofuata, minada ilipofunguliwa Oktoba 2018, soko la dunia lilikuwa limeshuka. Barua za zabuni zikafunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima, na bei zilizotajwa zilipokuwa chini ya Sh3,000, wakulima wa Tandahimba na Newala wakagoma kuuza. Serikali ikawaita wanunuzi, ikawataka wasishuke chini ya Sh3,000, ikawapa siku za kujibu. Novemba 10 Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Waziri wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba Serikali itazinunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, fedha zitapitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na Jeshi la Wananchi litasaidia kuzisomba. Malori ya jeshi yakaelekea Kusini.

Nilifurahi siku ile. Nilimpigia mjomba simu, naye alikuwa ameshapata habari redioni, na nyuma yake nilisikia vigelegele. Mtu ambaye hajawahi kulala na magunia ya korosho chumbani huku watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada hawezi kujua Sh3,300 ilikuwa na maana gani. Kwa hiyo sibishani na mkono uliotoa. Serikali kumkinga mkulima bei inapoanguka ni jambo jema, na nchi nyingi tajiri hufanya hivyo kila mwaka bila kuona haya.

Ila tuliite jambo kwa jina lake. Mnunuzi binafsi anapotaja bei moja na Serikali ikatoa kubwa zaidi, ile tofauti ni ruzuku ya bei. Inabebwa na mlipa kodi: mama lishe wa Mwanza, dereva wa daladala wa Mbagala, na mkulima mwenyewe wa korosho kila anaponunua sukari au vocha ya simu. Neno lililotumika msimu ule lilikuwa "kununua", na jina hilo lilibadilisha mengi kuliko tulivyodhani. Ruzuku hutengewa fungu katika bajeti, ikaulizwa bungeni, ikatolewa taarifa ya nani kapata na kiasi gani. Kununua ni biashara, na biashara huwa na siri zake. Ukishasema unanunua, mtu akiuliza umeuza kwa nani na kwa bei gani, unaweza kumjibu kwamba mazungumzo na wateja yanaendelea.

Chukua kalamu. Msimu ule zilikusanywa zaidi ya tani 200,000. Tani 200,000 kwa Sh3,300 kila kilo ni Sh660 bilioni. Hapo hujaweka usafiri, magunia, pango la maghala, ulinzi, wala unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho inapokaa ghalani. Katika mzigo wa ukubwa huo, kila Sh100 inayopotea kwa kilo ni Sh20 bilioni za umma. Hesabu ya namna hii inaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: tulinunua kilo kadhaa, zikatugharimu kadhaa, tukauza kwa fulani kwa bei kadhaa, tofauti ni kadhaa. Katika AMCOS zote nilizofika tangu wakati ule, sijauona ukurasa huo ukutani.

Januari 30, 2019, ulisainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions, tani 100,000 kwa thamani ya Sh418 bilioni. Gawanya: ni Sh4,180 kwa kilo, karibu Sh900 juu ya bei aliyoahidiwa mkulima, tena katika mwaka ambao wanunuzi wazoefu walikuwa wanalia kwamba soko limeanguka. Mtu yeyote anayefuatilia minada ya Newala angeliuliza swali moja tu: kampuni hii itazipeleka wapi korosho hizo, na nani atailipa bei hiyo? Waandishi waliuliza. Mkataba haukutekelezwa, na Mei mwaka huohuo Serikali ikatangaza kuachana nao. Katika miezi ile yote magunia yalikuwa ghalani, na huku vijijini watu walikuwa wanakopa unga dukani. Ninaamini kwa dhati kwamba masharti ya mkataba ule yangewekwa wazi siku ya kusainiwa, maswali hayo yangejibiwa ndani ya wiki moja na nchi isingepoteza miezi mitatu.

Kuna hesabu nyingine ya zamani kidogo, na bila kuigusa ya Sh3,300 haieleweki vizuri. Kwa sheria ya tasnia ya korosho ya mwaka 2009, anayesafirisha korosho ghafi nje ya nchi hulipa ushuru wa asilimia 15 ya thamani au Dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Asilimia 65 ya makusanyo ilikuwa inapaswa kurudi kwenye zao lenyewe kupitia mfuko wa kuendeleza korosho: salfa ya kuzuia ukungu wa mikorosho, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele, magunia. Juni 2018, katika bajeti, sheria ikabadilishwa na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga mpaka sauti zikawakauka. Miezi mitano baadaye ukaja msaada wa bei. Ningependa sana kuziona hesabu hizo mbili zimewekwa sambamba: kiasi kilichochukuliwa kutoka kwenye zao kwa njia ya ushuru, na kiasi kilichorudishwa kwenye zao kwa njia ya bei. Inawezekana mkulima alipewa zaidi ya alichochukuliwa. Inawezekana alipewa fedha yake mwenyewe na akaambiwa ashukuru. Majibu hayo mawili yana tofauti kubwa sana, na jibu lenyewe lina tarakimu, halihitaji siasa.

Nirudi kwenye uhakiki, maana hapo ndipo pananiuma.

Serikali ilikuwa na hofu ya haki. Ukitangaza bei iliyo juu ya soko, watajitokeza wasio na shamba. Kusini tunawaita kangomba. Kangomba ni ununuzi wa korosho mitaani, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hukabidhi magunia ghalani, hupewa stakabadhi na kulipwa baada ya mnada, mara nyingi kwa bakuli au kopo linalozidi kilo na kwa bei ya mtu mwenye shida. Na anayefanya biashara hiyo naye huitwa kangomba. Kagera kwenye kahawa jambo linalofanana na hilo wanaliita butura, pale zao linapouzwa likiwa bado mtini. Serikali ikasema haitalipa kangomba. Ikaagiza wenye zaidi ya kilo 1,500 wafuatwe mashambani kwanza, na timu zikaanza kuzunguka katika kazi iliyoitwa Operesheni Korosho.

Jirani wa mjomba ni mama mjane mwenye mikorosho isiyozidi kumi na tano. Agosti mwanawe aliugua. Akamwendea mtu wa kijijini hapohapo mwenye duka, akachukua fedha taslimu, akaahidi korosho zitakapodondoka atamletea. Zikadondoka, akaziokota, akazianika, akazipeleka dukani. Mwenye duka akazichanganya na zake na za wengine watatu, akaenda kuzipima AMCOS kwa jina lake. Fikiria sasa timu imefika. Mwenye duka ana shamba kweli, ana hati ya mauziano, ana mikorosho ya kuonesha. Anapita. Ile Sh3,300 iliyotangazwa kwa ajili ya yule mama inaingia kwenye akaunti ya mwenye duka, na mama hayumo katika karatasi yoyote, wala ya waliolipwa wala ya walionyimwa. Fedha ya umma imetoka Dar es Salaam ikiwa na jina lake moyoni, ikapotelea hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake.

Timu ya uhakiki inayotoka mjini, hata ikiwa na watu waadilifu kabisa, itaona mikorosho na itahesabu. Haiwezi kujua iliyopandwa na babu mmoja ikagawanywa kwa wajukuu sita, wala shamba lililokodishwa, wala lile ambalo halijapigwa salfa misimu mitatu na limebaki la kuokotea kuni. Majirani wanajua. Kijijini mikorosho inajulikana kwa ukoo. Mtoto wa miaka kumi atakuonesha mpaka wa shamba la bibi yake na la jirani. Bandika orodha ukutani iseme fulani kaleta kilo 6,200, na kabla ya swala ya magharibi kijiji kizima kitakuwa kimeshajua kama inawezekana au haiwezekani. Kazi iliyochukua miezi, malori na posho ingeweza kuanzia hapo, halafu timu zikaenda tu kwenye majina yenye malalamiko. Wapo waliosubiri malipo mpaka msimu uliofuata ukaanza. Kusubiri kule kulisababishwa kwa sehemu kubwa na kuamini kwamba ukweli wa kijiji unaweza kujulikana na wageni peke yao.

Najua nitaambiwa kijiji nacho kina wajanja wake. Ni kweli, na ushahidi tunao. Wakati wa vocha za pembejeo zilizoanza kugawiwa kwa wingi msimu wa 2008/09, kazi ya kuchagua wanufaika ilipewa vijiji vyenyewe kupitia kamati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mkoa wa Kilimanjaro ulikuta kwamba karibu asilimia 60 ya vocha ziliishia katika kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa na wananchi. Kuchagua kulifanyika karibu na watu, lakini karibu na watu haina maana mbele ya watu. Kamati ya watu sita ikikaa chumbani na kutoka na majina, ni siri ileile ya wizarani, imepunguzwa ukubwa tu.

Na kimya kuhusu hesabu hakibaki kimya siku zote. Aprili 2013, Liwale, nyumba za viongozi zilichomwa moto baada ya wakulima kuletewa malipo ya pili ya korosho pungufu ya walivyoahidiwa. Kuchoma nyumba ya mtu ni uovu, sitauhalalisha kamwe. Lakini mtu aliyekabidhi magunia yake kwa stakabadhi, akasubiri miezi, kisha akapewa kiasi kisichofanana na alichotajiwa bila kuelezwa bei ya mnada ilikuwa ngapi, makato yalikuwa yapi na nani aliyakata, umemwachia nini cha kufanya? Hana karatasi ya kupinga. Amebakiwa na hasira tu, na hasira haina safu ya makato.

Majirani zetu wa kaskazini waliyaona yao mwaka 2018. Bodi ya nafaka ya Kenya, NCPB, ilikuwa inanunua gunia la mahindi la kilo 90 kwa Sh3,200 za Kenya, juu ya bei ya soko. Wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu walipeleka mahindi, wakakaa bila malipo, huku ikibainika kwamba baadhi ya waliolipwa mamilioni walikuwa wafanyabiashara. Mkurugenzi mkuu wa bodi akajiuzulu Mei mwaka huo, Seneti ikaunda kamati. Majina yalianza kujulikana wakati fedha imeshatoka. Orodha ileile ingewekwa kwenye mlango wa ghala la Kitale au Eldoret siku saba kabla ya malipo, wenye mahindi wangeisoma wenyewe wakiwa kwenye foleni.

Kuna mfano mmoja wa mbali ninaoupenda kwa sababu ulianzishwa na watu maskini. Desemba 1994, vibarua na wakulima wa Rajasthan, India, walianza kufanya mikutano ya hadhara ambako daftari za malipo ya kazi za umma zilisomwa kwa sauti, jina baada ya jina, mbele ya wanaotajwa. Fulani kalipwa siku kumi na mbili. Fulani anasimama: sikufanya kazi hata siku moja. Mwingine ametajwa na alikuwa ameshazikwa. Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na turubai, kipaza sauti na nakala ya daftari, na nakala hiyo ndiyo waliyoipigania mpaka India ikapata sheria ya haki ya taarifa mwaka 2005. Leo katika mpango wa India wa kuwapa wakulima rupia 6,000 kwa mwaka, ulioanza 2019, orodha ya wanufaika inaweza kutazamwa kwa kijiji.

Sisi jambo hilo tunalijua tayari, tena kwa jina la Kiswahili kizuri: kusomewa mapato na matumizi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kusomewa kila miezi mitatu. Nimekaa kwenye mikutano ile chini ya mwembe. Nimemwona bibi aliyejitanda khanga akimsimamisha mtendaji kwa sababu ya mifuko minne ya saruji. Mifuko minne! Kijiji kinachoweza kuhoji saruji kitashindwaje kuhoji korosho, ambazo kila aliyekaa pale amezishika kwa mkono wake? Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake, na tangu 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa inayomruhusu kuandika maombi na kujibiwa ndani ya siku 30. Lakini kumwambia mkulima wa Mahuta aandike maombi rasmi ili ajue fedha ya zao lake ilikwenda wapi ni kumpa ufunguo wa nyumba iliyo mbali. Taarifa ya ruzuku imfuate alipo, bila kuombwa.

Pingamizi ambalo ninaliheshimu ni la faragha. Ukibandika kwamba fulani kalipwa Sh9 milioni, usiku wezi watagonga kwake, na mchana watagonga ndugu. Msimu wa korosho ni msimu wa matapeli wa simu pia, hilo kila mtu wa Kusini analijua. Tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na ni sheria ya lazima. Wazungu nao walikwaruzana kwa jambo hilohilo: Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliwapa ushindi wakulima wa jimbo la Hesse, Ujerumani, waliolalamika kwamba majina yao na kiasi cha ruzuku walichopata vimewekwa mtandaoni kwa watu wote bila mizani. Umoja wa Ulaya haukuacha kuchapisha. Ulirekebisha kanuni, ukaeleza sababu, ukaweka kiwango, euro 1,250, ambacho chini yake jina la mpokeaji halitajwi.

Kwetu mizani hiyo naiona inawezekana, na ningeanza na kilo kabla ya fedha. Kilo zinapopimwa AMCOS watu wanaziona, mizani iko uani, magunia hayafichwi kwapani. Kwa hiyo jina, kilo, daraja na tarehe ya kupima vibandikwe kijijini kabla ya malipo, siku saba, mwenye lalamiko aseme. Baada ya malipo ibandikwe karatasi nyingine yenye bei, makato moja moja kwa majina yake, na tarehe fedha ilipotumwa. Namba za simu na za akaunti zisionekane popote. Mwenye kilo mia mbili haina haja ajulikane Dodoma. Jina lake libaki kijijini kwake. Aliyeleta tani kumi, au kampuni, au chama kikuu cha ushirika, huyo amegusa fedha kubwa ya umma, na orodha yake iende wilayani na kwenye tovuti ya Bodi ya Korosho pia. Wanaokopesha Agosti na kupima Oktoba kwa majina yao wataanza kuonekana hapo, na yule mama mjane atakuwa na karatasi ya kunyoshea kidole.

Ule ukurasa mmoja wa hesabu ya Serikali usomwe siku ileile, na mtu aliyetumwa kuusoma awe na uwezo wa kujibu maswali.

Mambo mengine yameshaanza kunyooka, na ni haki kuyasema. Msimu wa 2024/25 minada ya korosho ilipelekwa kwenye Soko la Bidhaa, TMX, zabuni zikaonekana kwenye skrini, na katika mnada wa kwanza bei ilivuka Sh4,000. Mkulima anaiona bei ikizaliwa. Mbolea ya ruzuku iliyozinduliwa 2022, kwa kutengewa Sh150 bilioni na kushusha mfuko wa kilo 50 hadi takriban Sh70,000 wakati sokoni ulikuwa umepita Sh120,000, ilikuja na usajili wa wakulima kwenye daftari la kidijitali. Usajili huo una majina, vijiji na ukubwa wa mashamba. Yaani orodha ipo. Imekaa kwenye kompyuta ya Serikali, na mwenyekiti wa kitongoji akitaka kujua nani katika kitongoji chake alisajiliwa kwa ekari hamsini ilhali hana hata kuku, hana pa kuitazama. Teknolojia tumeinunua, ikamulika upande uleule wa mjomba wangu: inamjua yeye, yeye haijui.

Bei ya korosho itaanguka tena. Zao hili linategemea wabanguaji wa India na Vietnam, na siku wakiwa na shehena ya kutosha kutoka Afrika Magharibi wataturudisha Oktoba 2018. Siku hiyo nitakuwa wa kwanza kutaka Serikali isimame na mkulima tena. Nitataka pia itangaze siku hiyohiyo, katika sentensi ileile ya bei, kwamba ni ruzuku, inatoka fungu gani, ina kikomo gani, na orodha itabandikwa wapi. Tangazo la bei bila hayo limeshatufikisha mahali tunapopajua.

Mjomba alilipwa mwishoni mwa Machi 2019. Mwaka jana nilipomtembelea nilipita AMCOS yao kumsubiri. Kwenye veranda kuna ubao wa mbao uliopigiliwa misumari minne. Juu yake palikuwa na bei ya mnada wa wiki ile kwa chaki, tangazo la chanjo ya watoto, na tarehe ya mkutano wa wanachama iliyokwisha kupita. Chini ya hayo mbao zilikuwa tupu, upana wa karatasi nne hivi. Nikamuuliza karani wanachama wako wangapi. Mia tatu na kidogo, akasema. Nikajaribu kuhesabu mistari kwa macho. Wanaenea.